Mhandisi Vestina Kokwijuka na Mfumo Uliojua Kila Kitu Isipokuwa Mvua

Mhandisi Vestina Kokwijuka anastaafu tarehe 30 Juni mwaka huu, baada ya kuutumikia Wakala wetu wa Usafiri wa Miji ya Ziwani kwa miaka thelathini na mmoja. Alipoulizwa wasifu wake uandikwe na nani, alijibu kwamba uandikwe na mtu yeyote aliyewahi kukemewa naye, kwa kuwa huyo angalau hatamsifu kama marehemu. Ofisi nzima ilikuwa na sifa hiyo. Kazi imemwangukia mwandishi huyu kwa sababu alikuwa likizo siku ya kikao.

Vestina alizaliwa Kamachumu, wilayani Muleba, katika familia ya Kikatoliki yenye kibanja cha kahawa na migomba. Baba yake alitamani awe sista. Yeye alitamani kujenga barabara, akaenda kusomea uhandisi wakati ambapo wanawake darasani kwao walikuwa wachache kiasi kwamba wahadhiri waliwajua wote kwa majina ya ukoo. Aliporudi Bukoba na shahada yake, alikuta mji ambao kuegesha gari maana yake ilikuwa kuliacha pale ulipochoka kuliendesha.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuchora mistari. Alisimama na mafundi wa rangi katika manyunyu yetu yasiyokwisha, akagawa nafasi za magari sokoni, akatenganisha wanaoshusha mizigo na wanaopiga soga, akawaondoa wakubwa waliozoea kuzuia mlango wa zahanati kwa magari yao. Mkurugenzi mmoja wa zamani, aliyekuwa na mazoea ya kuegesha katikati ya nafasi mbili, alikuta Vestina anamsubiri kando ya gari. Alimwuliza kwa adabu zote za Kihaya, "Waitu, hili gari ni moja au mapacha?" Mkurugenzi alilisogeza. Vestina alikosa kupandishwa cheo mwaka ule na uliofuata, na hakuwahi kuonekana kusikitika.

Hakuwa mpole, na wasifu huu hautamfanya mpole. Aliwadharau wazembe, wavivu, wanaochelewa, wanaosema "tunalifanyia kazi," na wanaoandika neno mchakato mara mbili katika sentensi moja. Kwa sehemu kubwa ya maisha yake dharau hiyo iliusaidia mji. Kisha ukaja Mfumo wa Egesho Janja, na kwa muda ule dharau yake ikapoteza njia.

Mfumo uliletwa na kampuni ya washauri kutoka mbali, ikiwakilishwa na Bwana Derick, mtaalamu aliyevaa miwani ya jua hata ndani ya ofisi yetu ya kata ya Bakoba, ambayo jua halijawahi kuifikia. Vitambuzi vilifukiwa katika lami ili vijue kama juu yake kuna gari. Kamera ziliwekwa kwenye makutano. Magari ya abiria yote yalifungwa kifaa cha kuyafuatilia. Kwenye lango la mji yakasimikwa mabango makubwa ya umeme ya kumwambia dereva barabara ipi ni nyeupe na uwanja upi una nafasi. Taarifa zote zilikusanyika katika chumba cha kuongozea, chenye skrini ukutani na kiyoyozi. Katika mji wenye baridi kama wetu, kiyoyozi hicho kilikuwa ishara tosha kwamba walioununua mfumo hawakuwahi kulala Bukoba.

Siku ya uzinduzi kulikuwa na hema, ngoma, na hotuba ndefu zenye neno "dijitali" kila baada ya pumzi. Mgeni rasmi alibonyeza kitufe. Bango likawaka, likaandika NAFASI ZIPO, nasi tukapiga makofi kama watu walioona jua likichomoza kwa mara ya kwanza.

Mfumo ulianza kutushangaza mapema. Pikipiki za bodaboda, ambazo ndizo zinazoubeba mji huu, hazikuwamo katika akili yake. Bodaboda zaidi ya mia zingeweza kuziba makutano na skrini ikasema hakuna msongamano. Lakini toroli la ebitoke, ndizi zetu za kupika, likiachwa juu ya kitambuzi lilihesabiwa kuwa gari, na mama muuza ndizi alitangazwa kuwa ameegesha kupita muda. Msimu wa senene, wale panzi watamu wanaofuata taa usiku, ulipofika, mabango yakawa ndiyo taa kali kuliko zote mjini. Watu walimiminika na mapipa na mabati, wakategea senene chini ya bango lililokuwa likiwaelekeza kwenye maegesho ambayo wao wenyewe walikuwa wameyajaza. Derick aliripoti hilo kuwa ni ongezeko la watumiaji.

Ukweli unaouma ni kwamba Vestina aliuamini mfumo huo. Alikuwa amesubiri teknolojia ya namna hiyo kwa miaka mingi, akisoma habari za miji ya mbali ambako dereva hazunguki sokoni mara nne akitafuta pa kusimama. Alipopewa ukuu wa chumba cha kuongozea alikuwa kama bibi harusi. Kila tulipomletea kasoro alijibu kwa sauti ileile: "Mfumo hauna tatizo. Watu ndio washamba."

Miongoni mwa washamba hao alikuwa Datius, dereva wa haisi ya Muleba kwenda Bukoba. Datius alikuwa na kawaida ya kuwashusha abiria karibu na soko kwa sababu wengi wao walikuja na mizigo. Bango likimwambia aende uwanja wa akiba, kule bondeni karibu na mto Kanoni, alilipita kama vile halipo. Asubuhi moja Vestina alimsimamisha, akamtaka ashuke mbele ya abiria wake.

"Bango limeandikwa Kiswahili," alimwambia. "Wewe umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la saba, Mhandisi."

"Panatosha. Soma, halafu ufuate. Hukuajiriwa kufikiri."

Abiria walicheka. Datius hakucheka. Alirudi kwenye usukani, na tangu siku hiyo akawa anafuata bango kwa utii ambao Derick aliutaja katika kikao kama mafanikio ya uelimishaji.

Mvua ya Aprili ya mwaka uliofuata ilianza kabla ya alfajiri na haikupumzika. Kila mtu mwenye macho aliiacha barabara ya bondeni, akapanda ile ya juu, ambako magari yalibanana bampa kwa bampa. Mfumo, kwa upande wake, uliona jambo moja tu: barabara ya juu imejaa, ya bondeni haina gari hata moja. Ukafanya ulichofundishwa. Kwenye mabango yote ya lango la mji ukaandika kwamba njia ya bondeni ni nyeupe na uwanja wa akiba una nafasi.

Katika chumba cha kuongozea Derick alifurahi. Hakuwa ameona uwanja mweupe kiasi kile tangu uzinduzi. Vestina alikuwa amesimama mbele ya skrini na kikombe cha kahawa mkononi, na alama moja ndogo ya haisi ilikuwa ikishuka barabara ya bondeni. Ilifika karibu na daraja, ikasimama. Kisha ikahama barabara na kwenda upande.

"Hiyo ni hitilafu ya setilaiti," Derick alisema. "Itajirekebisha."

"Gari haliendi upande," alisema Vestina.

"Mhandisi, kwenye mvua ishara hucheza kidogo."

"Derick, gari haliendi upande!"

Alitoka bila koti. Mlangoni alipanda bodaboda, chombo ambacho skrini yake haikukijua, akamwambia dereva ashuke bondeni mpaka atakapoona maji. Hawakwenda mbali. Mto ulikuwa umelivuka daraja na kuukalia uwanja wa akiba wote. Haisi ya Datius ilikuwa imelala ubavu, imebanwa kwenye mkaratusi, na abiria wamekaa juu yake wakipiga kelele. Datius alikuwa ndani ya maji yaliyomfika kifuani, anapokea watu mmoja mmoja na kuwasukuma kwa madereva wa bodaboda waliokuwa wameunganisha mipira yao ya kufungia mizigo kuwa kamba ndefu.

Vestina aliingia majini. Wengine wetu tuliofika baadaye tulimkuta ameshika ule mpira katikati ya vijana, viatu vimekwenda, anapokea watoto. Abiria wa mwisho kutoka alikuwa Joviana, mwanamke anayechukua dagaa kisiwani Goziba na kuuza Bukoba. Magunia yake yote yalikuwa yamekwenda na maji. Alipofika ukingoni alimtazama Vestina, akamtambua.

"Dereva alitaka kupita juu," alisema huku anatetemeka. "Akasema lakini bango limesema huku. Akasema hataki tena kugombezwa."

Hakuna aliyekufa. Tunaliandika hili kwa shukrani, na tunaomba wanaopenda kulitaja kama ushahidi wa usalama wa mfumo wanyamaze. Gari liligeuzwa na maji wakati Datius anatoka, likambana mguu wa kushoto kwenye mti. Alivutwa ukingoni, mguu umevunjika mahali pawili, akalazwa kwenye majani. Vestina alipiga magoti kando yake.

"Mhandisi," Datius alimwambia, "leo nimelifuata bango lako."

Vestina alimshika mkono mpaka gari la wagonjwa lilipofika kwa barabara ya juu, likiwa limechelewa kwa msongamano ambao, kwa mujibu wa skrini, ulikuwa unapungua vizuri.

Kikao cha kutafuta chanzo cha ajali kilikaa wiki iliyofuata, nacho kilikuwa kikao cha aina tunayoijua. Chai ilikuwepo, na chapati, na kila mtu alikuwa na shughuli ya kutazama kikombe chake. Rasimu ya taarifa ilikuwa imekwishaandaliwa. Ilisema dereva alikaidi maelekezo ya usalama na kuingia eneo hatarishi kwa uzembe. Mkurugenzi alimwomba Vestina, kama mkuu wa kitengo, aipitishe ili tuendelee na ajenda nyingine.

Vestina alisimama. "Hakukaidi," alisema. "Alitii. Aliyemfundisha kutii ni mimi, nilimfundisha kwa kumdhalilisha mbele ya watu. Andikeni hivyo."

Derick alijaribu kusaidia. Alisema ajali hiyo isitufanye tukate tamaa, mfumo umethibitishwa kuwa sahihi kwa asilimia tisini na nane.

"Hizo mbili zilizobaki ndizo zilikuwa na abiria," Vestina alimjibu.

Mkurugenzi alimkumbusha kwamba mradi una wafadhili, na kwamba maneno mengine yana mahali pake. Vestina alisema mahali pake ni pale, penye chapati. Kisha akaelezea kwa utulivu, kama anayefundisha wanafunzi, kwamba mashine iliyotafuta barabara isiyo na watu imeipata, na haikuwahi kuulizwa kwa nini watu hawapo. Akasema yeye ndiye aliyepaswa kuiuliza, na wote mezani walipaswa kumwuliza yeye. Mtu mmoja aliomba sukari.

Mchana ule alikwenda lango la mji akiwa na fundi umeme, akazima mabango. Alifanya hivyo bila kibali, mbele ya watu, na watu walisimama kutazama kama wanaotazama mazishi ya mtu asiyependwa. Adhabu ilikuja haraka, tofauti na huduma zetu nyingine. Vestina aliondolewa kwenye kitengo na kuhamishiwa Muleba, kusimamia kituo cha mabasi, kwa cheo kipya chenye jina refu lisilo na madaraka yoyote. Derick yeye alipewa cheti cha shukrani. Tunasikia yuko mji mwingine sasa, anafukia vitambuzi.

Waliompeleka Muleba walidhani wanamzika. Jambo la kwanza alilofanya ni kupanda Kamachumu, ambako Datius alikuwa amelala kwa dada yake, Renatha, akiuguza mguu. Renatha hakumfungulia. Alimwambia kupitia dirishani kwamba mgonjwa hapokei wageni wa serikali. Vestina aliacha mkungu wa ndizi mlangoni na kuondoka. Akarudi Jumapili nyingine, na nyingine, akitoka misa. Mara zote alikaa kwenye benchi la nje kwa muda, kisha akaondoka. Majirani waliona ajabu kwamba mwanamke yule mwenye mdomo amekaa kimya.

Hatimaye Datius mwenyewe alitoka kwa magongo. Alimwambia hataki pole, pole anazo nyingi. Mguu wake hautaweza tena kukanyaga klachi. Kama ana kitu, ampe kazi ya kukaa.

"Ninayo," Vestina alisema. "Ila si ya kukaa kimya."

Kazi hiyo ndiyo inayojulikana leo kama Sauti ya Stendi. Haina skrini ukutani. Ni namba moja ya simu, kompyuta moja ya ofisini, na programu ambayo Vestina aliitengeneza mwenyewe, akiisomea usiku na kuwatukana walioandika maelekezo yake. Madereva wa Muleba, Kamachumu na vituo vya njiani hutuma ujumbe mfupi kwa simu za kawaida: gari liko wapi, viti vingapi viko wazi, daraja gani limejaa, uwanja wa mnada una pa kuegesha au hauna. Programu huupanga na kuusambaza kwa abiria wanaouliza. Bodaboda nao wamo, maana wao ndio hufika mahali kabla ya mtu yeyote. Datius huketi kwenye simu, anasoma kila taarifa kabla haijatoka, na asiyeweza kusoma humpigia, naye humjibu kwa Kihaya au Kiswahili.

Sheria yao ni moja, na Vestina aliibandika ukutani kwa herufi kubwa: njia haitangazwi kuwa wazi mpaka mtu aliyesimama pale aseme ameiona. Mashine ikisema barabara haina magari, Datius humpigia mtu wa karibu na kumwuliza kwa nini.

Siku za mwanzo walikosea. Mwanzoni kabisa walipeleka magari matatu kumsubiri abiria mmoja, na padre mmoja aliachwa njiani akiwa amevaa tayari kwa ibada. Lakini watu waliendelea kuuliza, nao wakaendelea kurekebisha. Joviana aliporudi kwenye biashara alikuwa mtu wa kwanza kuwashauri kuhusu mwalo, pale boti za samaki zinapotia nanga. Boti za Goziba hazina saa, alisema, na dagaa hawasubiri. Sasa boti ikikaribia nchi kavu mtu hutuma ujumbe, na gari lenye nafasi ya mizigo huwa limeshasogea. Joviana anasema hajaozewa na dagaa tangu mwaka juzi. Anamsalimia Vestina, ingawa wa kwanza kumsalimia huwa Datius.

Wakubwa waligundua mafanikio hayo kwa kawaida yao, yaani baada ya wageni kuyasifia. Katika kijitabu cha mwaka jana cha Wakala, Sauti ya Stendi imeitwa Egesho Janja Awamu ya Pili, na ina picha ya mkurugenzi ameshika simu ambayo, ukitazama vizuri, imezimwa. Jina la Vestina halimo. La Datius halimo. Limo la kampuni ya washauri. Vestina alipoonyeshwa kijitabu hicho alicheka mpaka akatoa machozi, kisha akakitumia kuegemeza dirisha la ofisi lisilofungika.

Aliombwa aagwe hotelini Bukoba, ukumbini, pamoja na hotuba. Akasema ataagwa stendi ya Muleba, mchana, magari yakiendelea kutoka, na anayetaka kuhutubia apige kelele kushinda makonda. Ndiyo maana leo wakubwa wetu wamekaa kwenye viti vya plastiki kati ya haisi mbili, na ndiyo maana madereva wao wamehangaika kutafuta pa kuegesha. Wangeuliza ile namba ya simu wangeambiwa.

Mhandisi, kwa niaba ya wote uliowakemea, asante. Asante kwa mistari uliyochora, kwa mabango uliyozima, na kwa kutuonyesha kwamba mtu mwenye majivuno kama yako anaweza kukaa nje ya mlango wa mtu aliyemkosea mpaka afunguliwe. Wengi wetu tungeacha ndizi na kutosheka.

Baada ya hafla hii Datius ndiye atakayempeleka nyumbani Kamachumu. Mwezi uliopita alipata gari dogo la gia otomatiki, lisilohitaji mguu wa kushoto, na Vestina atakuwa abiria wake wa kwanza. Juzi, mbele yetu, Datius alimwuliza angependa wapitie njia ipi. Tulisubiri maelekezo marefu, maana tunamjua.

"Wewe ndiye dereva, Datius," alisema. "Pitia unakoona panafaa."

Tunamtakia Mhandisi Vestina pumziko jema katika kibanja chake, afya, kahawa iliyoiva vizuri, na majirani wasiozuia lango lake kwa magari yao. Wakizuia, Mungu awasaidie.